Kifupisho cha IPC na Maana Zake: Mfano wa Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Neno jipya la sayansi linapoingia katika Kiswahili huwa na wadhamini wake. Kamati hukaa, wataalamu wa fani huulizwa, visawe hupimwa kimoja kimoja, na hatimaye neno huchapishwa katika orodha ya istilahi. Kifupisho hakina desturi hiyo. Huingia bila hodi, kikiwa na herufi zake za kigeni, na mara nyingi hakuna anayeuliza kimetoka wapi wala kinawakilisha maneno gani. Baada ya miaka michache hutumika katika barua, taarifa na mafunzo kana kwamba ni neno letu.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kifupisho kimoja tu, nacho ni IPC. Watafiti wa fani zisizopungua tatu hukitumia, kila fani kwa maana yake, na maana hizo hazina uhusiano wowote. Tumechagua kukitazama kutoka wilaya mbili za mkoa wa Kagera, yaani Ngara na Biharamulo, kwa kuwa historia ya wilaya hizo tangu mwaka 1994 imezikutanisha fani hizo katika eneo moja.

Hoja yetu ni kwamba kifupisho chenye maana nyingi hakimsumbui mtaalamu aliye ndani ya fani yake, kwa sababu wote anaozungumza nao wanajua maana moja. Shida huanza pale fani zinapokutana, na mahali zinapokutana mara nyingi si chuo kikuu wala maabara, bali ni makao makuu ya wilaya. Hapo ndipo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma wanapofanyia kazi.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili. Katika makala haya, kifupisho ni herufi za mwanzo zinazotamkwa moja moja, kama IPC. Akronimu ni ufupisho unaosomeka kama neno, kama UKIMWI au BAKITA. Tutaona kwamba tofauti hiyo ina uzito katika Kiswahili.

Wilaya mbili za mpakani

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu na mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na juu ya maporomoko hayo lipo daraja linaloingia Rwanda. Biharamulo iko mashariki ya Ngara, na hadi mwaka 2005 ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni wilaya ya Chato. Barabara kuu itokayo Isaka hupita Nyakanazi na Lusahunga, katika Biharamulo, kabla ya kuingia Ngara na kufika Rusumo.

Wenyeji wa wilaya hizi husema Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza na Kihaya, na wengi husikia Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wao kwa wao, na ndicho kinachowaunganisha na serikali, na wageni na wataalamu. Kwa hiyo jambo lolote la kitaalamu linalofika huko hupita katika mlango wa Kiswahili kabla ya kumfikia mwananchi. Mlango huo ukizibwa na herufi zisizoeleweka, mwananchi hubaki nje.

Mambo yalikuwapo kabla ya herufi

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokimbia mauaji nchini Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Makisio ya wakati ule yalitaja watu wapatao robo milioni katika muda wa siku moja hivi. Walikusanyika mahali palipoitwa Benaco, na baadaye zikafunguliwa kambi nyingine kama Lumasi na Musuhura. Wakimbizi wa Rwanda walikaa huko hadi Desemba 1996, ambapo wengi wao walirudi kwao kwa kupitia daraja lilelile.

Jina la Benaco lenyewe linastahili kutajwa na watu wa istilahi. Lilikuwa jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyojenga barabara katika eneo hilo, na wananchi wakaligeuza kuwa jina la mahali. Hakuna aliyehitaji kujua maana yake katika lugha ya asili, maana jina la mahali hutimiza kazi yake kwa kuonyesha mahali tu. Istilahi haiko hivyo. Istilahi isiyojulikana inaonyesha dhana gani haijatimiza kazi yake, hata ikitamkwa na watu elfu.

Katika kambi za Ngara, fani mbili zilifanya kazi bega kwa bega. Ya kwanza ni afya. Watumishi wake walihofia kipindupindu na kuhara damu, wakashughulikia maji safi, vyoo, klorini na kuwatenga wagonjwa. Ya pili ni chakula na lishe. Watumishi wake walipanga mgawo wa mahindi, maharage na mafuta, na kupima watoto ili kujua waliodhoofika.

Fani hizo zilikuwa na kipimo kimoja kinachofanana, yaani idadi ya watu wanaofariki kwa siku katika kila watu 10,000. Katika shughuli za wakimbizi, kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku kilihesabiwa kuwa mpaka wa hali ya dharura. Ili msomaji apate picha ya uzito wa kipimo hicho, akumbuke kwamba huko Goma, katika Zaire ya wakati ule, wakimbizi wa Rwanda waliofika Julai 1994 walifariki kwa kiwango cha kati ya watu 20 na 35 kwa kila 10,000 kwa siku katika majuma ya mwanzo.

Basi mwaka 1994 udhibiti wa maambukizi ulikuwapo Ngara, na upimaji wa hali ya chakula ulikuwapo pia. Kambini watu walisema kipindupindu, mgawo, kadi, maji ya dawa, na kila neno lilijulikana linataja nini. Kilichofuata miaka 10 baadaye ni herufi, na herufi zikaja zikiwa zilezile kwa kazi zote mbili.

IPC ya chakula

Mwaka 2004, kitengo cha uchambuzi wa chakula kilichokuwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa nchini Somalia kilibuni utaratibu wa kupanga maeneo kulingana na ukali wa upungufu wa chakula. Kabla ya hapo kila shirika lilikuwa na vipimo vyake, na eneo moja liliweza kutangazwa kuwa na njaa na shirika hili, na kuwa na nafuu na shirika lile. Utaratibu mpya uliweka ngazi 5 zenye masharti ya wazi, na ukaenea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo.

Ngazi ya 5 ndiyo ya mwisho. Eneo haliwezi kutangazwa kuwa katika ngazi hiyo mpaka angalau kaya moja katika kila 5 ikose chakula kabisa au karibu kabisa, watoto wapatao asilimia 30 wawe na utapiamlo mkali, na vifo vifikie watu 2 kwa kila 10,000 kwa siku. Hapa kipimo tulichokiona katika kambi za wakimbizi kimerudi. Tarehe 20 Julai 1994 ilipokuwa imetimiza miaka 17, yaani Julai 20, 2011, sehemu mbili za kusini mwa Somalia zilitangazwa kuwa katika hali hiyo kwa kutumia utaratibu huu.

Jina kamili la utaratibu, likifasiriwa neno kwa neno, ni uainishaji jumuishi wa ngazi za usalama wa chakula. Lakini kifupisho chake kina herufi 3 tu: I ya jumuishi, P ya ngazi, na C ya uainishaji. Maneno yaliyodondoka ni usalama na chakula. Yaani neno ambalo ndilo kiini cha jambo zima halimo katika kifupisho chake. Mtu aliyepewa herufi hizo peke yake hana njia ya kukisia kwamba habari yenyewe ni ya chakula.

Kuna matatizo mengine mawili katika kufasiri dhana hii. La kwanza ni neno tulilolifasiri kwa ngazi. Katika lugha ya asili neno hilo laweza kuwa na maana ya kipindi, na baadhi ya wafasiri huandika awamu. Lakini awamu katika Kiswahili ni zamu au kipindi katika mfuatano wa wakati: awamu ya kwanza ya mradi hufuatwa na ya pili. Eneo lililo katika ngazi ya 3 ya upungufu wa chakula halikupangiwa kufika ya 4. Laweza kurudi kwenye ya 2 likipata mvua au msaada, au likaruka hatua. Kinachopimwa ni ukali na si wakati. Kwa hiyo ngazi au daraja hufaa, na awamu haifai.

La pili ni jina la ngazi ya 3. Kamusi ndogo zitampa mfasiri neno mgogoro. Katika matumizi ya serikali yetu, hata hivyo, mgogoro ni ugomvi wa pande mbili, kama mgogoro wa ardhi au mgogoro wa mpaka baina ya vijiji. Diwani akisoma kwamba kata yake ina mgogoro wa chakula aweza kudhani watu wanagombea mgawo. Sisi tungependekeza mfululizo huu: nafuu, mbano, uhaba mkali, dharura, na baa la njaa. Neno baa lina kazi maalumu hapa. Kiswahili hutumia njaa kwa mtu aliyechelewa chakula cha mchana na pia kwa nchi inayoangamia, na ni baa linalotenganisha hali hizo mbili.

IPC ya afya

Mwaka huohuo wa 2004, wizara ya afya ya Tanzania ilitoa mwongozo wa taifa wa kinga na udhibiti wa maambukizi katika huduma za afya. Hii ndiyo IPC ya pili: I ni maambukizi, P ni kinga, na C ni udhibiti. Inahusu kunawa mikono, kuvaa glavu na mavazi ya kujikinga, kusafisha vyombo, kutupa sindano na taka za hospitali kwa usalama, na kuwatenga wagonjwa wa kuambukiza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye nguzo 8 za kazi hiyo.

Kwa mkoa wa Kagera jambo hili si la vitabuni. Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulithibitishwa katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Wagonjwa 9 walihesabiwa na 6 wakafariki, mhudumu wa afya akiwamo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais alitangaza kwamba ugonjwa huohuo umethibitishwa katika wilaya ya Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa ya wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa kutokana na dalili na uhusiano wao na wengine. Wote 10 walifariki.

Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Ugonjwa ulijulikana huko mwaka 1967, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili waliokuwa wameletwa kutoka Uganda. Huenezwa na popo wala matunda waishio mapangoni, na baadaye hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa njia ya damu na majimaji ya mwili. Kwa sababu hiyo kinga na udhibiti wa maambukizi ndiyo silaha ya kwanza: muuguzi anayemhudumia mgonjwa na ndugu anayemwosha maiti ndio walio katika hatari kubwa. Kwa watu hao, kuelewa au kutoelewa maneno ya maelekezo ni suala la kufa na kupona. Mhudumu wa kijijini akiambiwa azingatie ai-pii-sii, ameambiwa jambo ambalo hawezi kulifuata mpaka mtu mwingine amfafanulie.

Katika dhana hii pia kuna neno la kutazamwa, nalo ni kinga. Katika Kiswahili cha afya neno hili linabeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni uwezo wa mwili kupigana na ugonjwa, kama katika kinga ya mwili. Wa pili ni tendo la kuzuia ugonjwa usiingie, kama katika methali isemayo kinga ni bora kuliko tiba. Katika mwongozo wa maambukizi maana inayotakiwa ni ya pili. Pale sentensi inapotaja mambo yote mawili, tungeshauri mfasiri atumie uzuiaji kwa tendo, na aache kinga kwa uwezo wa mwili.

IPC ya hataza

Maana ya tatu imetoka mbali zaidi na wilaya zetu, lakini nayo imefika. Mwaka 1971, katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, mataifa yalitia saini mkataba wa kuanzisha uainishaji wa kimataifa wa hataza. Hapa I ni kimataifa, P ni hataza, na C ni uainishaji. Uvumbuzi wote unaoombewa hataza hupangwa katika sehemu 8, kuanzia A hadi H, na kila sehemu hugawanywa katika matabaka na vijitabaka. Sehemu C ni ya kemia na metali, na ndani yake alama C22B ni ya uzalishaji na usafishaji wa metali.

Alama hiyo inaihusu Ngara. Huko Kabanga kuna mashapo makubwa ya nikeli, yaliyotafutwa kwa msaada wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ya Tanzania iliingia mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ilipewa asilimia 16 ya hisa zake. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa kusafisha metali kwa njia ya kemikali na maji badala ya kuyeyusha kwa tanuri, na njia hiyo inalindwa kwa hataza. Anayetaka kujua njia za namna hiyo zimevumbuliwa na nani, na lini, huzitafuta kwa kufuata alama za IPC.

Fani ya madini inaongeza utata mwingine mdogo. Katika maabara za kupima mawe kuna mbinu inayoitwa ICP, ambapo sampuli hupuliziwa katika gesi iliyopashwa joto kali mno ili kujua ina metali gani na kwa kiasi gani. Wataalamu wa takwimu nao wana ICP yao, ambayo ni mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei baina ya nchi. Mpiga chapa akibadilisha nafasi za herufi mbili, taarifa ya nikeli imegeuka kuwa taarifa ya hataza, au ya chakula, au ya afya. Neno la Kiswahili lililokosewa herufi moja kwa kawaida humstua msomaji. Kifupisho kilichokosewa hakimstui mtu, kwa kuwa hata kilipokuwa sahihi hakikuonyesha maana.

Meza moja

Sasa tuziweke maana hizo pamoja. IPC ya afya ni maambukizi, kinga, udhibiti. IPC ya chakula ni jumuishi, ngazi, uainishaji. IPC ya hataza ni kimataifa, hataza, uainishaji. Katika nafasi 9 kuna neno moja tu linalorudiwa, nalo ni uainishaji. Kinachofanana katika mengine yote ni herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza, na hiyo ni sadfa tu.

Daktari bingwa aliye katika mkutano wa madaktari hana tatizo. Mchambuzi wa chakula aliye katika mkutano wa wenzake hana tatizo. Lakini tuchukulie kwamba barua imefika katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ikisema: mafunzo ya IPC yatafanyika kwa siku 3, tafadhali teua washiriki wawili. Je, aende mganga mkuu wa wilaya au afisa kilimo? Na afisa lishe, ambaye kazi yake iko hospitalini na pia katika kamati ya chakula, atajiandaa kwa lipi? Au tuchukulie sentensi hii katika taarifa: hali ya IPC katika tarafa hiyo si ya kuridhisha. Msomaji mmoja ataelewa kwamba zahanati hazina glavu. Mwingine ataelewa kwamba kaya hazina akiba ya mahindi. Sentensi ni moja na sarufi yake ni sahihi, lakini hatua zitakazochukuliwa ni tofauti kabisa, na gharama ya kukosea italipwa na wanavijiji.

Yapo maoni kwamba muktadha utaondoa utata. Maoni hayo yana ukweli kwa wataalamu, kwa kuwa muktadha wao ni fani yao. Wilaya haina fani moja. Katika meza moja hupita siku moja taarifa za wagonjwa, za mavuno, za mifugo na za madini, na anayezifasiri au kuzifanyia muhtasari mara nyingi ni mtu mmoja. Katika wilaya ya mpakani, ambapo wakimbizi, magonjwa na wawekezaji wamewahi kufika kwa kufuatana, muktadha hubadilika upesi kuliko barua zinavyojibiwa.

Njia ya Kiswahili na mipaka yake

Lugha yetu imekwisha kuonyesha njia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huuhuu wa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa huo ungeweza kubaki na herufi 4 za kigeni. Badala yake uliitwa Upungufu wa Kinga Mwilini, na ufupisho ukatengenezwa kwa silabi: U, KI, MWI. Vivyo hivyo mfumo wa taifa wa kuchambua hali ya chakula, ambao ndio unaofanya kazi ya IPC ya chakula hapa nchini, huitwa MUCHALI, yaani Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe. Katika MUCHALI, neno lililodondoka katika IPC limerudishwa: CHA ni chakula, LI ni lishe. TAMISEMI na TAKUKURU zimeundwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kanuni ya silabi inafaa kwa sababu silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, na hivyo vipande vikiunganishwa hutamkika. Tena silabi hubeba habari zaidi ya herufi. Herufi C yaweza kuwa mwanzo wa maelfu ya maneno. Silabi CHA, katika jina la mfumo wa kilimo, humwelekeza msomaji kwenye chakula.

Hata hivyo tusiidai kanuni hii mambo isiyoyaweza. Akronimu nayo yaweza kuficha mabadiliko. UKIMWI umewahi kufafanuliwa kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini na pia Upungufu wa Kinga Mwilini. Kukosa na kupungukiwa si jambo moja, na upungufu ndio ulio karibu na ukweli wa sayansi. Lakini kwa kuwa maneno yote mawili huanza na U, wengi hawakuona kwamba kuna jambo la kuchagua. Akronimu za Kiswahili nazo zaweza kugongana. Tukijaribu kufupisha Kinga na Udhibiti wa Maambukizi kwa silabi tutapata KIUMA, na jina hilo tayari ni la taasisi ya kanisa yenye hospitali katika wilaya ya Tunduru. Tungekuwa tumeondoa utata mmoja wa Kiingereza na kuweka mwingine wa Kiswahili, tena ndani ya fani ileile ya afya.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Mosi, dhana ifasiriwe kwanza, na ufupisho ufikiriwe baadaye. Penye jina la Kiswahili linaloeleweka na lisilo refu mno, ufupisho hauhitajiki. Kinga na udhibiti wa maambukizi ni maneno 5. Mhudumu anaweza kuyatamka na kuyaelewa.

Pili, katika andiko lolote litakalosomwa na watu wa zaidi ya fani moja, IPC isitumike peke yake. Iandikwe kwa jina kamili mara ya kwanza, na kila mara baadaye ifuatwe na fani yake: IPC ya afya, IPC ya chakula, IPC ya hataza. Neno moja la nyongeza linatosha kuondoa utata wote tulioueleza.

Tatu, orodha za istilahi ziwe na sehemu ya vifupisho, na kila kifupisho kiorodheshwe mara nyingi kadiri ya maana zake, fani ikitajwa mbele ya kila maana. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967 pamoja na mambo mengine ili kuratibu ukuzaji wa lugha, na kazi hii ni sehemu ya ukuzaji huo.

Nne, akronimu mpya ya Kiswahili isitangazwe kabla ya kuchunguzwa kama imekwisha kuchukuliwa, na kama inapotamkwa haileti maana nyingine isiyotakiwa. Majina mazuri kama MUCHALI hayapatikani kwa haraka.

Walimu nao wana nafasi yao. Zoezi la kuwapa wanafunzi kifupisho kimoja na kuwataka watafute maana zake katika fani mbalimbali litawafunza mengi kuhusu sayansi na kuhusu lugha kwa wakati mmoja. Wafasiri walio wilayani tunawaomba watuletee vifupisho vinavyowasumbua katika kazi zao, pamoja na sentensi vilimopatikana. Bila sentensi hizo, sisi tunaokaa na orodha hatuwezi kujua herufi zipi zimefika kwenye meza ya nani, na zimeeleweka vipi.